Mashine Zilizorudi na Alama ya Papa Kalume

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha nyuma cha duka kule Randburg, Joburg, mnaoshika spana nilizoziacha, haya ni yenu. Bosi Rudi atawaambia nimestaafu. Kwenye duka lake mtu anastaafu akiwa na miaka hamsini na kidogo, na vidole viwili mkono wa kulia. Sawa, nimestaafu. Sasa nina nafasi ya kusema, na majina nitayataja: Rudi mwenye duka, na Gavin mtu wa garanti. Wakasirike tu. Hawana tena mahali pa kunifukuza.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata kanisani watu wananiuliza nilikuwa nafanya nini hasa miaka yote ile. Bunduki ya upepo haina baruti. Ina mtungi mdogo chini ya mtutu, na huo mtungi unajazwa hewa iliyobanwa, zaidi ya mara mia ya ile iliyo ndani ya tairi la gari. Zamani watu walijaza kwa pampu ya mkono, wakatoka jasho, wakatukana, wakaacha. Ndipo zikaja kompresa ndogo za kubeba, mashine za kubana hewa, ukubwa wa boksi la viatu. Unaifunga kwa klipu mbili kwenye batri ya gari, unabonyeza, unasubiri. Zinauzwa kwa maneno matamu na zinakufa haraka. Zikifa, mtu anakuja na karatasi ya garanti, ile ahadi ya kubadilishiwa bure, ameishika kwa mikono miwili, kama cheti cha ubatizo.

Aliyeniingiza ni Papa Kalume, fundi mzee wa duka lile, mtu wa Kalemie. Tulikuwa tunasali naye pale Joubert Park, mimi nikiwa bado mlinzi wa magari kwenye maegesho ya duka la nyama. Siku ya kwanza nilifika nimepiga pasi shati, nikidhani nitapewa vyombo. Alinipa kiti.

"Kaa hapo, dogo. Funga macho."

"Nafanya nini, Papa?"

"Unasikiliza. Nitawasha mashine. Ikianza kuumwa, inua mkono."

"Nitajuaje kwamba inaumwa?"

"Mke wako akikasirika unajuaje?"

Nilikaa kwenye kile kiti siku nzima na macho yangu yamefungwa. Rudi alipita akauliza kama huyu mpya ni kipofu. Papa Kalume akamjibu kwamba ndiyo, ila anapona kidogo kidogo. Jina langu ni Byamungu. Rudi alijaribu kulitamka, likamshinda, akaamua ninaitwa Frans. Mpaka leo wako watu Randburg wanaodhani mama yangu ndiye aliyenipa jina hilo.

Alichonifundisha yule mzee kiliingia mwilini, sikukiandika popote. Ringi za mpira ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu hewa ikibanwa inapata moto. Maji ndio adui wa pili. Hewa ya Joburg ni kavu miezi mingi, halafu mvua za majira ya joto zinakuja, na kile kichujio kidogo kinajaa maji kama sponji. Usipake grisi ya kawaida ndani, hata ukibembelezwa, maana mafuta na presha ile hushika moto bila kibiriti. Tumia ile nyeupe ya silikoni, kidogo tu, kama unampaka mtoto mafuta usoni. Ipumzishe mashine kabla haijakuomba. Na usiweke uso juu ya geji ya presha. Geji ni ndogo, namba zake ni ndogo zaidi, na kila mteja anainama kuzisoma. Msiiname.

Rafu ya mashine zilizorudishwa tuliiita mochari. Mkikaa pale muda mrefu mtazisikia. Mashine imezimwa, klipu zimetolewa, iko kwenye rafu tangu asubuhi, halafu saa za chai inatoa pumzi. Fuuu. Ni hewa iliyobaki inatafuta njia, nyote mnajua. Mimi nilijua pia, lakini mwaka wangu wa kwanza wote sikuipa ile rafu mgongo.

Papa Kalume alikuwa na desturi yake, na hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza. Akifungua mashine na kukuta kichwa cha silinda kina ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, hakutengeneza. Ringi unabadilisha, pistoni unabadilisha, lakini kichwa chenye ufa ni bomu linalongoja siku. Basi alichukua tupa, na kwa ncha yake akachora mistari mitatu mifupi upande wa ndani wa kile kichwa, imelala pamoja kama mvua inayosukumwa na upepo. Akakata waya wa umeme. Halafu akaiongelesha.

"Umefanya kazi. Pumzika, usimfuate mtu."

Mara ya kwanza nilicheka. Hakukasirika.

"Cheka, dogo. Kitu kilichobeba presha hakifi siku unayokizima."

Alifariki majira ya baridi. Alilala Jumamosi akiwa mzima, Jumapili kiti chake kanisani kikawa kitupu. Tulimzika sisi wa kanisa. Rudi alituma maua na akatuma salamu kwamba Jumatatu Frans aje mapema, mashine zimejaa.

Mashine zilikuwa zimejaa kweli, na sheria ilikuwa mpya. Rudi alinionyesha stika ya rangi ya fedha iliyopita juu ya skrubu ya kila mashine.

"Kuanzia leo hakuna kufungua. Stika ikivunjika, garanti imekufa. Wewe washa tu, ona kama inafanya kazi, kama haifanyi weka kwenye boksi la Gavin."

"Na zile zenye ufa, nitajuaje?"

"Frans. Washa, zima, boksi."

Gavin alikuwa mtu wa waagizaji, wale wanaoleta mashine kutoka ng'ambo. Alikuja na bakkie, pikapu nyeupe, peremende mdomoni, akicheka na kila mtu. "Sharp, Frans! Familia vipi?" Hakungoja jibu. Alipakia maiti zetu, kama alivyofanya tangu enzi za mzee, akateremsha mashine mpya za kuwapa wateja badala yake, zimefungwa nailoni, zinanuka kiwanda. Akaondoka akipunga mkono.

Baada ya hapo nikaanza kuona kitu kisicho sawa, ingawa sikujua ni nini. Mtu alikuwa anapewa mashine mpya, baada ya muda mfupi anarudi nayo imekufa, anapewa nyingine, anarudi tena. Mzee mmoja wa Krugersdorp, mkulima mstaafu, alisimama kaunta na ya kwake ya tatu mikononi. Hakupiga kelele. Alisema pole pole, "Labda ni mimi. Labda zinanijua." Rudi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu yule mzee hakuwa anatania. Na hakuna mteja aliyethubutu kufungua mashine yake kuangalia ndani. Wote waliilinda ile stika. Niliwaona wakizibeba mashine zao wamekunja kiganja juu yake isichubuke.

Mmoja wao alikuwa Fiston, mdogo wake Mapendo, mke wangu. Fiston anaishi Malvern, karibu na Jules Street, na alikuwa amechoka kusimama getini usiku kwa watu wengine. Akajifunza kulenga. Pale Malvern kuna maghala yaliyojaa njiwa, wanachafua mizigo, na wenye maghala wanataka mtu wa kuwaondoa. Fiston akapata ghala lake la kwanza. Alinunua bunduki ya upepo, na kompresa akaitoa kwetu. Ikafa. Akarudisha, akapewa ya pili. Ikafa. Mwenye ghala alimwambia wazi: wiki hii njiwa watoke, au namtafuta mwingine. Nilimwona Fiston kaunta akiwa na karatasi yake, anatabasamu kwa Rudi kama anaomba radhi kwamba mashine ya Rudi ni mbovu.

"Shemeji," aliniambia pembeni, "nikikosa hili ghala ninarudi getini. Sirudi getini."

Ya tatu ilikuwa bado haijafika. Akaambiwa asubiri mzigo wa Gavin.

Mzigo ulifika siku mbili baadaye. Kesho yake, mchana, nilikuwa najaribu mashine ya mteja mwingine, toleo jipya lenye bodi ya kijani. Toleo hilo liliingia Joburg Papa Kalume akiwa tayari kaburini, hilo mlishike. Nikaifunga kwenye batri, nikabonyeza. Ikazunguka vizuri. Halafu ikakohoa. Mara mbili fupi, ikavuta, mara moja ndefu, kama mtu anayesafisha koo nje ya mlango kabla hajabisha.

Nywele za mikono zilinisimama. Kile kikohozi nilikuwa nakijua. Nilikisikia nimefumba macho kwenye kile kiti, nikainua mkono, na Papa Kalume akasema vema, dogo, akaifungua ile mashine mbele yangu akaiua. Nilikuwepo. Nilimwona akikata waya.

Nikazima. Ikatoa pumzi, ndefu.

Nikaitazama stika. Nikachukua kisu, nikaikata. Skrubu nne. Bodi mpya, waya mpya, hata boliti zilikuwa mpya zinang'aa. Nikatoa kichwa cha silinda, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mistari mitatu, imelala pamoja. Nikaweka kidole juu yake, nikasikia kila mmoja kwenye ngozi.

Niligeuka nyuma. Kiti chake bado kilikuwa pale kwenye kona, na mto ulioshonwa na mkewe. Hakuna mtu. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilirudisha skrubu, nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani.

Mapendo alikuwa anasonga ugali. Nilimweleza yote, na nikamwambia ninaogopa, kwamba labda mzee hajapumzika, labda anafanya kazi bado. Hakuacha kusonga.

"Wafu hawachori vyuma, Byamungu. Hizo mashine zikifa, nani anazichukua?"

"Gavin."

"Na mpya nani analeta?"

"Gavin."

"Basi mbona unatafuta mzimu na mwizi ana bakkie?"

Niliona aibu, halafu nikaona jambo baya kuliko mzimu. Alama ya mzee haikuwa salamu. Ilimaanisha ufa. Gavin alikuwa anavisha maiti nguo mpya na kuzipeleka tena kwa watu, na stika ilikuwa sanda: hakuna mtu mwenye adabu anayefunua.

Asubuhi niliingia dukani sikuvua hata koti. Nikaenda kwenye rafu ya mashine za kubadilishia, ule mzigo wa Gavin, nikazifungua moja baada ya nyingine mezani. Nilikata nailoni, nikakata stika, nikageuza kichwa. Mistari. Nyingine, mistari. Zote zilikuwa na mkono wa yule mzee. Zilinitazama pale mezani zikiwa wazi, na mbili zikapumua.

Rudi akaingia na kikombe cha kahawa.

"Frans, umevunja stika?"

"Nimevunja. Tazama ndani. Hizi tuliziua. Hizi zina ufa, Rudi, zitapasuka usoni kwa mtu."

Hakutazama ndani. Alitazama stika zilizokatwa, na niliona kwenye uso wake kwamba hakuwa anagundua kitu. Alikuwa anajua. Alikunywa kahawa yake kwanza.

"Ni za Gavin, si zangu. Mimi nauza boksi lililofungwa."

Nikatazama rafu. Palikuwa na nafasi tupu mwisho wa safu, vumbi limeacha umbo la boksi.

"Hapa palikuwa na moja."

"Shemeji yako alikuwa mlangoni kabla sijafungua duka. Nimempa. Alinishukuru sana," Rudi alisema. "Tofauti na wewe."

Nilimpigia Fiston simu kutoka Randburg mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka Malvern. Iliita tu. Kila teksi iliposimama kwenye robot, taa za barabarani, nilitaka kushuka nikimbie. Nilijua kwa nini hashiki simu: yuko kwenye kazi yake, anataka kumwonyesha mwenye ghala kwamba amefika, na anasubiri geji ipande.

Niliisikia kabla sijaona lango. Ilikuwa inazunguka ndani ya ua, sauti yake inagonga ukuta wa ghala na kurudi. Juu ya paa la bati njiwa walikuwa wamejipanga, wengi, kimya, wanatazama chini. Mashine ikakohoa. Hakuna njiwa aliyeruka.

Fiston alikuwa amechuchumaa mbele ya bakkie ya pale ghalani, iliyofunguliwa boneti. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na geji.

"Zima! Fiston, zima!"

"Shemeji! Karibu! Hii ni nzima, sikiliza inavyovuta!"

Nilinyakua klipu kwenye batri. Injini ikanyamaza. Lakini mnajua ninyi, kuzima si kutoa presha. Hewa ilikuwa bado ndani, na nilisikia filimbi nyembamba sana, ile ya ufa unaofunguka. Skrubu ya kutolea hewa ilikuwa upande wa chini, ndani ya bodi, na lazima uifungue bodi kuifikia. Niliinama na bisibisi.

Fiston akaikumbatia. Aliivuta kifuani, akanigeuzia bega, kidevu chake juu ya bodi ya kijani.

"Usiivunje stika! Shemeji, nakuomba! Ukiivunja sina garanti, sina kitu!"

"Ina ufa! Iache chini!"

"Umeiona wapi, hujaifungua! Unataka nirudi getini?"

Alikuwa anailinda kwa uso wake. Nilishindwa kumtoa, ana nguvu kuliko mimi. Basi nikapitisha mkono wangu wa kulia kati ya kidevu chake na kichwa cha silinda, nikasukuma.

Sikusikia mlio. Watu waliokuwa Jules Street walisikia, mimi hapana. Niliona njiwa wote wakiruka kwa pamoja na mabawa hayakuwa na sauti. Niliona mdomo wa Fiston ukifunguka na kufungwa. Alikuwa na damu mashavuni, ya kwangu zaidi kuliko yake. Alikuwa amepiga magoti, anatafuta kitu kwenye saruji. Nikadhani anatafuta vidole vyangu. Akainua kipande cha bodi ya kijani, akanionyesha. Stika ilikuwa juu yake, haijachubuka. Midomo yake ilikuwa inasema, nzima, nzima.

Sikio la kulia limerudi kidogo. La kushoto halijarudi. Nilipokuwa bado na bandeji, Rudi alituma ujumbe kwamba duka limehuzunika na kwamba mimi nilikuwa nje ya eneo la kazi bila ruhusa, kwa hiyo ndiyo hivyo. Kuhusu kompresa ya mteja, yaani Fiston, walisema wameridhika. Stika ilikuwa haijaguswa. Garanti inasimama.

Gavin alikwenda Malvern mwenyewe, na peremende zake, akamkabidhi Fiston boksi jipya mlangoni. Fiston alinipigia simu, ikabidi Mapendo asikilize kwa niaba yangu. Mwenye ghala alikuwa ameona huruma, akaongeza siku. Jumatatu angejaza tena.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Boksi lilikuwa juu ya meza, nailoni haijatolewa. Fiston alinivutia kiti, akaniletea soda, akaniuliza mkono unaendeleaje. Alikuwa na adabu zote. Nilipotoa bisibisi mfukoni akasimama.

"Hapana, shemeji. Hii hapana."

Mapendo akasema, "Kaa chini, Fiston." Yeye ndiye dada yake aliyemlea. Akaishika ile mashine kwa mikono miwili, akaikandamiza mezani isicheze, akageuza uso pembeni. Mimi nilifungua kwa mkono wa kushoto, taratibu, kwa sababu ndio nimeanza kuufundisha.

Ndani hapakuwa na mistari. Kichwa cha silinda kilikuwa kimesuguliwa kwa msasa pande zote, nje na ndani, kinang'aa kama kijiko. Nilikigeuza dirishani nikatafuta ufa. Kwa macho yangu haya ya utu uzima sikuuona. Niliuliza kama yupo mtu wa kuiwasha kidogo tu nisikilize, halafu nikakumbuka kwamba nisingesikia.

Inawezekana ilikuwa mpya kweli. Mashine mpya haisuguliwi ndani, hilo ninalijua, lakini siwezi kuapa mbele ya mtu. Fiston alisema hivyo hivyo, akilia: "Huwezi kuapa! Apa basi!" Sikuapa. Nikachukua koleo na nikakata waya kwenye shina lake kabisa, pasipoungika, nikaweka mabaki ndani ya boksi.

Ghala lilikwenda kwa mtu mwingine. Fiston amerudi getini, zamu ya usiku. Hajazungumza nami tangu siku hiyo, na salamu zake kwa dada yake anazituma kwa simu, ili asifike nyumbani. Kanisani anakaa mstari wa mbele yetu. Ana makovu madogo shavuni, yamepona vizuri. Macho yake yote mawili ni mazima, na anayatumia kutonitazama.